Haya ya Mama

Kilichonishtua kwanza ni kifuu cha nazi. Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, mwaka 2019, na Mama alikuwa amekaa uani juu ya mbuzi anakuna nazi ya futari. Mimi nilikuwa napeta mchele hatua chache kutoka kwake. Kifuu kikamponyoka mkononi, kikabingirika hadi kwenye ndoo ya maji. Akakitazama tu, mkono hakuunyanyua kukifuata. Nilipomwita alinigeukia, nikaona mdomo wake umeshuka upande wa kulia, na alipotaka kunijibu likatoka neno moja.

"Haya."

"Mama, unaumwa?"

"Haya."

"Niambie basi, wapi panauma?"

"Haya, haya, haya."

Kwa miezi mingi baada ya siku ile, neno hilo ndilo lililokuwa Kiswahili chote alichobaki nacho mwanamke ambaye Ngamiani nzima, mtaa wetu hapa Tanga, walikuwa wakimjua kwa ulimi wake. Mama alikuwa mtu wa mafumbo. Ukimkosea leo, jibu utalipata kesho kutwa, limefungwa ndani ya methali, na utalielewa ukishafika kwako. Sasa alikuwa na silabi mbili.

Kilikuwa kiharusi. Damu iliganda ndani ya mshipa unaolisha sehemu kubwa ya ubongo upande wa kushoto, na eneo lililokosa damu likafa. Presha alikuwa nayo miaka sita, na vidonge alikuwa akivimeza siku anapoumwa kichwa tu, kama wafanyavyo wengi. Kama una mzazi anayefanya hivyo, acha kusoma kidogo, mpigie simu, kisha urudi.

Wiki za mwanzo nilikuwa nalilia mkono na mguu wa kulia, maana ndivyo vilivyopooza na ndivyo tulivyoviona. Sikuelewa kwa nini ulimi nao ulikwenda na upande huo huo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si daktari, lakini swali hilo lilinikosesha usingizi mpaka nikaanza kusoma kila nilichoweza kukishika. Ninayoyaandika hapa ni sehemu ya yale niliyoyapata, pamoja na yale niliyofundishwa na wagonjwa wawili wa mtaani kwetu.

Ubongo ukiutazama kwa juu ni nusu mbili zilizokaa pamoja, kama kunde iliyoloweshwa ikavuliwa ganda. Nusu ya kushoto huamrisha mkono na mguu wa kulia, na nusu ya kulia huamrisha wa kushoto, kwa sababu nyuzi nyingi za neva zinazoteremka kwenda mwilini hupishana pale chini, karibu na ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Hata kuona ni hivyo hivyo: kila kilicho kushoto kwa pale unapokaza macho, uwe unakiona kwa jicho hili au lile, habari yake hufika kwanza nusu ya kulia. Mpaka hapo nusu hizi ni kama mapacha waliobadilishana vyumba. Mambo yanabadilika ukifika kwenye lugha. Katika watu wanaotumia mkono wa kulia, kama 95 katika kila 100 wana lugha yao hasa katika nusu ya kushoto. Mshipa mmoja ulioziba kushoto kwa Mama uligonga milango yote miwili kwa pamoja: wa mkono wa kulia na wa maneno.

Hili halikujulikana siku zote. Mwezi Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre nje kidogo ya Paris, daktari wa upasuaji Paul Broca aliletewa mgonjwa mwenye mguu uliooza. Jina lake lilikuwa Leborgne. Alikuwa na miaka 51, na 21 kati ya hiyo alikuwa ameiishi humo humo hospitalini, haongei. Ukimuuliza lolote, anakujibu "tan, tan", huku mkono wake wa kushoto ukikuonyesha anachotaka. Wenzake wakamwita Tan. Upande wa kulia wa mwili ulikuwa umepooza. Akikasirika kwa kutoeleweka, laana ya Kifaransa ilimtoka nzima nzima, halafu anarudi kwenye tan yake. Alifariki siku chache tu baada ya kukutana na Broca, na ubongo wake ulipofunguliwa, kidonda kilikuwa sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto.

Miezi michache baadaye Broca akampata mwingine, mzee wa miaka 84 aliyeitwa Lelong, ambaye alikuwa amebaki na maneno matano. Moja lilikuwa "tois", yaani "tatu" iliyovunjika kidogo, na alilitumia kwa hesabu zote. Alipoulizwa ana watoto wangapi, alisema "tois" na kunyanyua vidole vinne. Wavulana? "Tois", vidole viwili. Wasichana? "Tois", vidole viwili tena.

Niliposoma habari za vidole vya Lelong nililia. Mama ana watoto wanne. Ukimuuliza idadi yao, kinywa chake kingesema haya, lakini mkono wake wa kushoto ungefunguka vidole vinne, kila mara, bila kukosea. Akili ilikuwa inajua hesabu yake, ila neno la kuibeba halikuwepo. Mwaka 1865, akiwa ameshaona wagonjwa zaidi, Broca aliandika kwamba tunazungumza kwa nusu ya kushoto ya ubongo. Mwaka 1874 Carl Wernicke, daktari Mjerumani aliyekuwa na miaka 26, akaeleza aina nyingine ya ugonjwa huo: mtu anaongea kwa mtiririko mzuri kabisa, lakini maneno hayana maana, na yeye mwenyewe haelewi anachoambiwa. Kidonda nacho kiko kushoto, nyuma zaidi. Jina la jumla la kupotewa na lugha kwa namna hizi ni afasia.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Kiswahili kina bahati na "haya". Mwenye duka akikuambia "haya" baada ya kuikataa bei yako, ujue mmeshaagana. Mama akimwambia mtoto "haya" huku akimkabidhi kikapu, hiyo ni amri. Ile ndefu inayoteremka ni ya mtu aliyekubali yaishe. Ile fupi ya juu ni ya kuwaanzisha watu kazi. Na ipo ya mtu asiyekusadiki hata kidogo, inayovutwa katikati. Neno ni moja, sauti ndiyo inayolipa kazi.

Sauti hiyo, yaani kupanda na kushuka kunakobeba hasira, huruma, mashaka na mapenzi, huitegemea zaidi nusu ya kulia. Nusu ya kulia ya Mama ilikuwa nzima. Ndani ya wiki tatu mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaijua haya ya kiu na haya ya maumivu. Ilikuwepo haya ya "fungeni mlango, mbu wanaingia". Ilikuwepo haya moja tamu sana, ya pole pole, aliyomwambia mjukuu wake kila usiku kabla ya kulala, na yule mtoto wa miaka mitatu hakuwahi kutuuliza bibi anasemaje.

Watu wazima ndio waliotuchosha. Katika hospitali moja tuliyopelekwa, mtaalamu aliyempokea alimuuliza jina lake, mwezi gani huu, na rais wa nchi ni nani. Mama akajibu haya, haya, haya. Yule mtaalamu akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amechanganyikiwa na hajitambui, kisha akaanza kuzungumza nami juu ya kichwa chake kana kwamba kitanda kilikuwa kitupu. Mama alinitazama, akageuzia uso ukutani. Sikusema kitu, kwa kuwa wakati ule sikuwa na maneno ya kusema. Leo ninayo: afasia ni ugonjwa wa lugha. Mtu anaweza kupotewa na majina ya vitu vyote duniani na bado akamjua nani anampenda na nani anamdanganya, na nauli ya daladala akaihesabu sawasawa. Mwulize kwa picha. Mwulize swali la kutikisa kichwa. Mpe muda.

Miezi miwili baada ya kiharusi, usiku mmoja tulikuwa tumekaa naye baada ya sala ya isha, shangazi akaanza kusoma Alhamdu kwa sauti. Mama akaingia. Aya kwa aya, herufi zote mahali pake, mpaka "amin". Shangazi akapiga vigelegele akidhani ulimi umefunguka. Tukamwambia, "Mama, sema maji." Haya.

Nilijaribu mara nyingi baadaye. Ukimkatiza katikati ya sura, hakuweza kuendelea kutoka pale alipoachia, ilibidi arudi mwanzo. Hesabu ilikuwa vile vile: kutaja "nne" peke yake hakuweza, lakini ukimwanzishia "moja, mbili", alikuja nayo hadi kumi. Kasida za maulidi alizoziimba tangu utotoni alikuwa nazo zote. Nilidhani ni muujiza wa nyumba yetu, kumbe madaktari wameyaona haya kwa zaidi ya miaka 200. Huko Sweden, katika karne ya 18, iliandikwa habari ya mtu aliyepoteza usemi lakini akawa anaimba nyimbo za kanisani. Mtunzi wa muziki Mrusi Vissarion Shebalin alipata kiharusi mara mbili, mwaka 1953 na 1959, upande wa kushoto, akabaki haelewi vizuri anachoambiwa na hawezi kujieleza, na bado akaandika simfoni yake ya tano kabla hajafariki mwaka 1963. Maneno unayoyaunda sasa hivi ili kusema jambo jipya ni kazi moja. Maneno yaliyokwisha kufungwa pamoja na sauti yake tangu utotoni, kama sala, wimbo, hesabu na hata matusi, hupita njia nyingine, na nusu ya kulia inaonekana kushiriki sana katika njia hiyo.

Mwaka 1973 wataalamu wa Boston walitangaza namna ya kuitumia njia hiyo kama tiba. Mgonjwa hafundishwi kusema kwanza, anafundishwa kuimba sentensi fupi ya maisha yake, kwa noti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mtu akimgongesha mkono wa kushoto silabi kwa silabi. Kidogo kidogo wimbo unapunguzwa mpaka unakaribia usemi wa kawaida. Wabobezi bado wanabishana kama kinachosaidia ni sauti ya wimbo au ni mdundo. Mimi sikusubiri wamalize. Kila alasiri nilikaa mbele ya Mama, nikamshika mkono wa kushoto, tukaugonga juu ya meza: na-ta-ka-MA-ji. Kiswahili kinasaidia hapa, kwa kuwa mkazo wetu una mahali pake, silabi ya pili kutoka mwisho, na mkono unajua lini upige kwa nguvu. Na-ta-ka-CHA-i. Na-o-mba-SHU-ka. Siku ya 19, naikumbuka, alichelewa kuanza, akafunga macho, akagonga meza mwenyewe, akasema, "Chai." Ilitoka bila "nataka", na haikuwa na wimbo. Nilimwaga nusu ya birika nikikimbilia kikombe.

Mgonjwa wa pili ni Fundi. Nyumba yao iko mlango wa nne kutoka kwetu, na cherehani yake ilikuwa barazani miaka yote niliyokuwa nakua. Yeye alipata kiharusi mwaka uliofuata, upande wa kulia wa ubongo. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amekaa kitandani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Mwambie nitakuja kumwona. Na mtoto wa shangazi yako yule wa Muheza, alishaoa?"

Kila kitu kilikuwepo, majina na koo, hadi madeni ya nguo. Watu waliotoka mle ndani walikuwa wanasema Fundi kapona. Mkewe alinivuta pembeni, akaniambia nije wakati wa chakula.

Nikaja. Sahani ya wali na samaki iliwekwa mbele yake. Fundi alikula kwa adabu, upande wa kulia wote, hadi katikati ya sahani, pakawa na mstari kama uliochorwa kwa rula. Akanawa. Akasema siku hizi mke wake anampunja. Nikainuka nikaizungusha sahani nusu mzunguko bila kusema neno. Akautazama wali, akasema, "Ah, umeniongezea," akala uliobaki.

Macho yake yalikuwa mazima. Kilichopungua kilikuwa kule kuijali dunia ya upande wa kushoto. Alinyoa ndevu shavu la kulia. Alivaa kanzu mkono mmoja, na ule wa pili ukaning'inia mgongoni, akatoka hivyo hadi barazani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu sana, lakini ukimuuliza atakwambia hauna neno, umechoka tu. Mwaka 1914 daktari Joseph Babinski wa Ufaransa aliipa jina hali hii ya mgonjwa kutoujua ulemavu wake mwenyewe, na si ukaidi wala si kujifariji, sehemu ambayo ingempa taarifa ndiyo iliyoumia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nusu ya kulia huangalia pande zote mbili, kushoto na kulia, na nusu ya kushoto huangalia zaidi kulia peke yake. Ndiyo maana Mama, aliyeumia kushoto, hakuwahi kuusahau upande wake wa kulia: nusu yake nzima ilikuwa inamlindia kote. Fundi hakubaki na mlinzi wa kushoto.

Katika yote niliyoyasoma, lililonishangaza kuliko mengine lilitoka Milan, Italia. Mwaka 1978 Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaambia wagonjwa wawili wa aina ya Fundi wajione kwa mawazo wamesimama kwenye uwanja mkubwa wa mji wao, wanalitazama kanisa kuu kutoka upande wa pili wa uwanja, kisha wataje majengo. Walitaja ya upande wa kulia, ya kushoto wakayaruka. Halafu wakaambiwa wajione wamesimama mlangoni mwa kanisa wanautazama uwanja. Wakayataja yale yale waliyoyaruka mwanzo, kwa kuwa sasa yalikuwa kulia kwao, na yale waliyoyataja mwanzo yakapotea. Kumbukumbu ilikuwa nzima, ila hawakuweza kuufikia upande mmoja wa picha waliyoiunda kichwani.

Nilimwomba Fundi ruhusa, naye akakubali. "Fundi, tumetoka soko la Mgandini, tunarudi nyumbani kwa miguu. Nitajie milango." Akanitajia kinyozi, duka la vyuma, mashine ya kusaga, nyumba ya mwalimu wa madrasa. Yote upande wa kulia. "Sasa tumetoka nyumbani tunakwenda sokoni." Akanitajia mwuza mkaa, duka la dawa, genge la mama wa Kidigo, msikiti mdogo. Msikiti aliosali kwa miaka 30, ambao dakika tano nyuma hakuwa nao kabisa. Mke wake alishika mdomo.

Kulikuwa na kitu kingine. Sauti yake ilikuwa imelala, kama ya mtu anayesoma namba za mita. Alitangaza kifo cha mpwa wake na bei ya uzi kwa sauti ile ile moja. Mafumbo nayo yalimponyoka. Jirani mmoja alimtania kwamba siku hizi ana mkono wa birika, Fundi akautazama mkono wake, akajibu kwa upole kwamba birika liko jikoni. Watu wakacheka wakidhani anarudisha utani. Hakuwa anatania. Kazi hiyo nayo ni ya nusu ya kulia: kulishika neno pamoja na mazingira yake, kujua kwamba msemaji anasema hiki na anamaanisha kile. Nusu ya kushoto ilimbakizia maneno yote, mpangilio wake na maana yake ya kamusi.

Basi mtaa wetu ukawahukumu hawa wawili kwa kipimo kimoja, ulimi. Fundi anaongea, kwa hiyo mzima. Akaachiwa kwenda peke yake, akaachiwa mkasi, akaachiwa fedha za wateja. Alikata kitenge cha mtu kikatoka bega moja zuri na jingine halipo. Kisha akaingia barabarani, na Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli ikatoka kushoto. Alivunjika kifundo cha mguu. Watu wakamfokea kijana wa baiskeli, na Fundi mwenyewe akaapa kwamba barabara ilikuwa tupu. Kwa upande wake, alikuwa anasema kweli.

Mama haongei, kwa hiyo akili zimeruka.

Yapo majaribio yanayoeleza kosa hili kuliko ninavyoweza mimi. Nusu mbili za ubongo zinaunganishwa na daraja la nyuzi za neva zipatazo milioni 200. Mwaka 1962 huko Los Angeles madaktari Joseph Bogen na Philip Vogel walilikata daraja hilo kwa mgonjwa wa kifafa kikali, ili dhoruba ya kifafa isivuke kutoka nusu moja kwenda nyingine. Ilimsaidia. Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga wakawachunguza wagonjwa wa namna hii kwa miaka, na Sperry akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Picha ya kijiko ikiangazwa kwa nukta ya muda upande wa kushoto wa mgonjwa, inaingia nusu ya kulia na haivuki. Umeona nini? "Sijaona kitu," kinywa kinajibu, kwa kuwa kinywa ni cha nusu ya kushoto na hiyo kweli haikuona. Lakini mwambie apapase kwa mkono wa kushoto nyuma ya pazia, miongoni mwa vitu vingi, na mkono utatoka na kijiko.

Nusu isiyo na ulimi ilikuwa inajua.

Jaribio jingine, la miaka ya 1970, lilihusu kijana wa namna hiyo. Nusu ya kushoto ilionyeshwa mguu wa kuku, nusu ya kulia ikaonyeshwa theluji iliyofunika nyumba. Akaambiwa achague picha zinazoendana. Mkono wa kulia ukachagua kuku, wa kushoto ukachagua koleo, la kuzolea theluji. Alipoulizwa sababu, hakusita: mguu ni wa kuku, na koleo ni la kusafishia banda la kuku. Nusu inayoongea haikuwa na habari ya theluji, ikatunga sababu, na ikaiamini. Nilipoyasoma haya nilimwona Fundi na mkono wake "uliochoka tu".

Mwaka wa pili wa ugonjwa, ndugu mmoja wa upande wa mama alikuja na karatasi. Mama ana kiwanja Pongwe, aliachiwa na baba yake. Yule ndugu alieleza sebuleni, kwa heshima zote, kwamba kwa vile dada hana fahamu tena, ni busara kiwanja kikae kwa jina la mtu mwenye fahamu. Kidau cha wino kilikuwa mfukoni mwake. Alikiweka mezani, akauchukua mkono wa kushoto wa Mama.

Mama alikunja kidole gumba, akakiingiza ndani ya ngumi, akakifunika kwa vidole vinne. Ndugu yule akajaribu kuifungua ngumi kwa upole, kama unavyomfungua mtoto aliyeficha peremende. Mama akamtazama machoni, ikatoka haya ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada ya siku ile. Ilianzia chini sana, ikapanda, ikakatika juu. Kila aliyekuwa sebuleni aliielewa. Karatasi ikakunjwa. Kiwanja kipo, mihogo inastawi.

Wapo watakaotaka kuniuliza, je, wewe ni mtu wa ubongo wa kushoto au wa kulia? Najua yale maswali kumi yanayozunguka kwenye simu, na nimekaa kwenye semina ya walimu ambako mwezeshaji aligawa darasa la watoto mafungu mawili, wa mantiki na wa sanaa. Hilo si kweli, na kwa mwalimu ni hatari, kwa sababu mtoto akishaambiwa hesabu si za upande wake anaziacha. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitazama picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000. Waliona kazi fulani zikiegemea kushoto na nyingine kulia, lakini hawakuona watu ambao nusu moja ya ubongo wao ndiyo mtawala. Fumbo moja la Mama lilihitaji maneno ya kushoto na sauti na maana ya ndani ya kulia, vyote ndani ya pumzi moja. Na wenye mashoto, ambao ni kama mmoja katika kila kumi, si watu waliogeuzwa: kama 70 katika kila 100 yao lugha yao nayo iko kushoto, waliobaki iko kulia au imegawanyika. Mwachie mtoto mkono wake. Ubongo mchanga una uwezo mkubwa wa kujipanga, hata wapo watoto walioondolewa nusu nzima ya kushoto kwa sababu ya kifafa, wakakua wanaongea kwa nusu iliyobaki.

Mama sasa ana maneno kama 60. Nayaandika kwenye daftari. Fundi anatembea kwa fimbo, na mkewe amemfungia utepe mwekundu mkono wa kushoto, amemfundisha kuutafuta kwanza kabla hajafanya lolote: mezani, mlangoni, barabarani. Anasahau, anakumbushwa.

Jumamosi iliyopita alikuja kutuona. Tulimweka barazani kwenye kiti, Mama akaletwa, akakaa kwenye kigoda pembeni yake, upande wa kushoto, kwa kuwa ndiko palipokuwa na nafasi. Fundi akaongea na mimi, akaongea na shangazi, akauliza habari za Muheza. Dakika kumi zikapita. Akaniuliza, "Na Mama yako, leo hatoki?"

Nikataka kujibu. Mama akanizuia kwa mkono. Akaegemea fimbo, akanyanyuka, akauburuta mguu wake wa kulia akapita mbele ya kiti cha Fundi polepole sana, na mjukuu akamfuata na kigoda. Akakaa upande wa pili, akapumua.

"Haya," akasema.

Fundi akageuka. "Ah, dada! Karibu. Umefika saa ngapi?"